Walinicheka kwa suti yangu: nijitoe kwenye grupu?

*“Shikamoo Fundi. Nina miaka 26, naishi Chumbageni hapa Tanga, nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Mwezi uliopita nilinunua suti ya mtumba, bluu iliyoiva, nikaipiga picha nikaiweka, bila maneno, kwenye grupu letu la WhatsApp la wanaume wapenda mavazi. Rafiki yangu anaoa na mimi ndiye mpambe wake, nikataka kujua kama itafaa. Kilichofuata ni kicheko cha siku mbili. Nilikuwa sijatoa lebo ya mkononi, basi hadi leo naitwa Mzee wa Lebo. Mmoja aliandika ‘Hilo koti au hema?’, mwingine ‘Mabega hayo umeazima kwa nani?’, mwingine ‘Ushamba mzigo’. Yupo aliyesema mikono imezidi, nipeleke kwa fundi, lakini ujumbe wake ulimezwa humohumo. Wawili waliandika ‘Umependeza kaka’. Halafu wakatengeneza stika ya sura yangu. Nilipolalamika nikaambiwa huo ni utani, na kwamba asiyechekwa hajifunzi. Suti sijaivaa tena, na sasa hata kazini nachagua nguo kwa woga. Lakini katika grupu hilohilo nimejifunza mengi kuhusu viatu na mashati. Je, mimi ndiye mwenye moyo mwepesi? Nijitoe? Na suti yenyewe ina kosa kweli? Nimeambatisha picha mbili.”*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha zako nimezikuza mpaka nikaona uzi. Umeuliza mambo matatu, ila dukuduku lako naona ni moja: hujui kama wenzako walikuonyesha kosa la koti, au walikufanya wewe ndiwe kosa. Mimi ni fundi wa suti, nashona Ngamiani na nafundisha vijana ushonaji, kwa hiyo yote mawili yananifikia mezani: koti lililokosewa, na mtu aliyekosewa kwa sababu ya koti. Nianze na koti, maana ndilo jepesi.

Lebo ile ya mkono wa kushoto huwekwa kiwandani kwa nyuzi chache tu za kushikiza, ili koti likiwa limetundikwa dukani mteja aone jina la kitambaa au la mshonaji bila kulifungua. Mtu akishalipa, lebo inafumuliwa. Kuiacha ni kosa, sikufichi, lakini ni kosa la dakika moja na wembe. Sasa tazama picha yako ya pili, ile uliyogeuka. Kwenye mpasuo wa nyuma, juu kidogo ya pindo, kuna uzi mweupe uliopita mshazari mara mbili, kama alama ya kuzidisha. Ule ni uzi wa bandi, yaani wa kushikiza kwa muda, umewekwa ili mpasuo usijikunje safarini. Na ukiingiza vidole kwenye mifuko ya nje nadhani utakuta imeshonwa mdomo. Nyuzi hizi hazikai kwenye koti la mtu anayelivaa. Ama hutolewa siku ya kwanza, ama hukatika zenyewe akikaa kitini. Maana yake koti lako, kwa ninavyoliona, halikuwahi kuvaliwa na mtu. Umetoa koti jipya ndani ya belo la mitumba. Grupu zima la wapenda mavazi lilikuwa na ushahidi huo mbele ya macho, likaucheka.

Mabega ndipo penye tatizo la kweli. Bega la koti linatakiwa kuishia pale bega lako linapoishia, na lako limepita, nakisia, kama kidole kimoja na nusu kila upande. Usinichukulie kwa picha peke yake, jipime: simama ubavu kwa ukuta, mkono umeuachia chini, usogee taratibu. Kama pedi ya bega itagusa ukuta kabla ya nyama ya mkono wako, bega limezidi. Kulipunguza si kazi ndogo. Inabidi kufumua mikono yote miwili, kukata bega, kuirudisha mikono upya, na katika kurudisha huko kola huweza kuhama ikaacha kukaa shingoni. Zaidi ya sentimita moja kila upande mimi huwa sikubali. Namwambia mteja ukweli aendelee na fedha yake.

Mikono imezidi pia, imefika kwenye shina la kidole gumba. Ikifupishwa hadi kwenye mfupa wa kifundo, shati litaonekana sentimita moja au moja na nusu, na hapo koti lote litaonekana limetulia. Hiyo ni kazi rahisi kama vifungo vya mkononi ni pambo tu, matundu yake hayajakatwa. Kama yamekatwa, mkono hufupishwa kutokea juu begani, na bei inapanda. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hili: suti ina makosa matatu, mawili yanaondoka, la tatu linapungua kidogo. Mpambe anaweza kusimama nayo.

Kuna na jambo la nne ambalo hakuna aliyelitaja, kwamba umefunga vifungo vyote viwili. Wapenda suti wana mila ya kuacha cha chini wazi, na simulizi inayorudiwa na mafundi huipeleka kwa mfalme Edward VII wa Uingereza, aliyetawala 1901 hadi 1910, mtu wa tumbo kubwa ambaye watu wa baraza lake walimuiga. Ilianza kama mazoea ya watu. Lakini kwa kuwa mazoea yalishika, wakataji wakaanza kukata makoti yakitarajia kifungo cha chini hakifungwi, na leo ukikifunga koti la namna hiyo linakaza nyongani na kuvuta makunyanzi. Nakutajia hili makusudi, maana ndivyo ninavyopenda mtu arekebishwe: aambiwe kitu kiko wapi, kimetoka wapi, na kikiachwa kinafanya nini.

Sasa tuje kwenye maneno ya wenzako. Nina kipimo kimoja ninachowapa wanafunzi wangu wanapokagua kazi ya mwenzao: neno lako likiisha kusemwa, sindano iende wapi? Lipitishe kila neno uliloandikiwa humo. “Hilo koti au hema?” Sindano haina pa kwenda. “Ushamba mzigo” halizungumzii hata kitambaa, linakuzungumzia wewe, wewe na kwenu. “Mikono imezidi, peleka kwa fundi” lina kosa, lina mahali, lina hatua ya kuchukua. Yule alikufanyia kazi ya fundi bure. “Mabega hayo umeazima kwa nani?” ni neno la kuumiza, nalo lina kweli ndani yake, na ndiyo sababu naona limekukaa zaidi ya mengine. Ukweli wake uchukue, ukorofi wake mwachie mwenyewe.

Na “Umependeza kaka”? Hapo nisimame kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani kinyume cha kejeli ni sifa. Wale wawili walikuonea huruma, na huruma ni jambo jema, lakini sindano haikupata pa kwenda kwao pia. Wangekuacha uingie ukumbini na lebo mkononi. Mazungumzo yanayojenga hayana lazima ya kuwa matamu. Huyo aliyekwambia mikono imezidi hakukupamba hata kidogo, na bado ndiye pekee aliyekuheshimu.

Umeambiwa ulikuwa utani. Hili linanigusa kwa sababu utani ni mali yetu, na haipendezi kuuona ukitumiwa kama pazia. Watu wa pwani na Wanyamwezi walitaniana tangu enzi za misafara, na watani bado wapo mpaka leo. Mtani ana haki ya kukutania hata msibani. Anaweza kuingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa mashavuni. Lakini angalia masharti. Kwanza unamjua ni mtani wako na yeye anakujua. Pili zamu yako ipo, wewe nawe utamfanyia yeye, na hatakasirika. Na la tatu ndilo zito: mtani huyohuyo aliyelala kaburini hushika jembe, husaidia kupika, hupokea wageni. Mzaha wake umebeba wajibu. Katika grupu lako nani alikuwa na wajibu kwako? Yupi kati ya waliokuita Mzee wa Lebo alikuja Chumbageni na wembe? Utani usiokuwa na zamu wala wajibu ni dhihaka, na jina lake tusilibadilishe ili aliyeitoa alale vizuri.

Wengi wao bila shaka wamepita madrasa kama mimi. Aya ya 11 ya Sura ya Al-Hujurat inakataza watu kuwadharau wenzao, maana huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wao, na ndani ya aya hiyohiyo imekatazwa kuitana kwa majina ya kejeli. Jina ulilopewa wewe limo humo moja kwa moja.

Dai la pili, kwamba asiyechekwa hajifunzi, linasemwa kwa uhakika mkubwa na linafanana na kweli, kwa hiyo linataka jibu refu kidogo. Nilipokuwa nasomea ualimu wa ufundi tulifundishwa utafiti wa Avraham Kluger na Angelo DeNisi, uliotoka mwaka 1996. Walikusanya matokeo zaidi ya 600 kutoka tafiti za watu walioambiwa jinsi walivyofanya kazi yao, wakauliza swali jepesi: je, waliboreka? Kwa wastani ndiyo. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo, watu walioambiwa walifanya vibaya zaidi kuliko kama wasingeambiwa kitu. Maelezo yao yalikuwa kwamba neno likiielekeza akili kwenye kazi yenyewe, mtu huona la kurekebisha. Likiivuta akili kwenye nafsi yake, nguvu zote huishia kujitetea na kujificha. Wewe mwenyewe ni mfano. Baada ya siku mbili za kicheko hukwenda kwa fundi. Ulilifungia koti kabatini.

Mimi hili nilikuwa nimeshaliona kabla sijalisoma, na kwa makosa yangu mwenyewe. Nikiwa fundi kijana, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, aliingia mzee mmoja na koti la kuvaa juu ya kanzu. Mikono ya koti ilimfika vidoleni. Kabla hajasema alichojia nikamwambia, mbele ya wateja watatu, “Mzee, leo umekuja na koti la mwanao mkubwa?” Wateja wakacheka. Naye akacheka, akaniuliza bei ya vifungo, akanunua viwili, akatoka. Nikajiona hodari. Idi ya mwaka uliofuata nikamwona anatoka kuswali, koti lilelile, mikono ileile imefunika vidole, amekunja vitambaa ndani ya viganja ili visionekane. Hakurudi kwangu na hakwenda kwa fundi mwingine yeyote. Kazi ile ilikuwa ya nusu saa. Kicheko changu kilikuwa kimemfungia mlango wa kila fundi Tanga, na kosa likabaki palepale kwenye nguo. Vile viganja alivyokuwa amevikunja ndivyo vilivyonifundisha kufunga mdomo mpaka mteja amalize kusema.

Alinifundisha pia aliyenipa kazi, fundi mzee ambaye sikumbuki hata siku moja akiniita mjinga. Ukikosea alikuwa analigeuza koti ndani nje, anaiweka bitana juu, anakuonyesha mshono kwa ncha ya mkasi: “Hapa umevuta.” Maneno mawili. Halafu anakuachia wembe ufumue mwenyewe. Mara nyingi alisubiri wateja waondoke ndipo akuite. Alikuwa mkali, na tulimwogopa, lakini tuliogopa kuharibu kitambaa chake, hatukuogopa kuonekana.

Na kama bado wenzako wanaamini kejeli ndiyo shule ya mavazi, wamtazame George Brummell, Mwingereza aliyezaliwa 1778. Mtu huyu alijua nguo kuliko wote wa zama zake London. Koti la rangi tulivu lililokaa mwilini, suruali ndefu, shati jeupe safi, mengi tunayoyaita suti leo yanapita kwake. Alikuwa rafiki wa mwana wa mfalme, aliyekuja kuwa George IV. Wakakosana. Mwaka 1813 katika dansa mwana wa mfalme akampita bila kumsalimu huku akimsalimu Lord Alvanley aliyesimama pembeni yake, naye Brummell akauliza kwa sauti: “Alvanley, nani huyo rafiki yako mnene?” Kwa kicheko, hakuna aliyemzidi usiku ule. Lakini mlinzi wake mkubwa alikuwa amekwenda, madeni ya kamari yakamzidi, mwaka 1816 akakimbilia Ufaransa, na alikufa huko Caen mwaka 1840, fukara na akili zimemtoka. Hakuna kumbukumbu kwamba mwana wa mfalme alipungua au alivaa vizuri zaidi kwa sababu ya neno lile. Ujuzi wa Brummell ulibaki kwenye makoti yetu mpaka leo, ulimi wake haukumfaa mtu yeyote.

Kwa nini basi watu wazima, wengine wenye wake na watoto, wanafanya hivi? Usiwaone wote kuwa wabaya. Mwanasaikolojia wa Marekani John Suler aliandika mwaka 2004 jinsi breki za mtu zinavyolegea mtandaoni: hakuoni, humwoni, hasubiri kuona uso wako ukibadilika, na akishafunga simu anahisi jambo limeishia humo. Pale barazani, yule wa hema angeona macho yako na angemeza sentensi nusu. Halafu kuna watazamaji. Ushauri mzuri ni mrefu, unataka kuangalia picha, kufikiri, kuandika. Mzaha ni maneno matatu, na ndani ya dakika moja una vikaragosi kumi na tano vya kucheka hadi machozi chini yake. Aliyekushauri kuhusu mikono hakupata hata kimoja. Mtu akiona hivyo mara tatu, mara ya nne atachagua mzaha.

Lipo na la ndani zaidi, nalo nimeliona zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake wanaokuja kwangu. Mwanamke akisema anapenda kuvaa vizuri hakuna anayeshangaa. Mwanaume akisema hivyo anajihami kwanza. Anaogopa ataonekana mwepesi, basi anaivika mapenzi yake ya nguo vazi la mzaha, na mzaha unahitaji mtu wa kuchekwa. Ongeza kwamba sheria nyingi za suti wamezijua juzi, kwa video, na mtu aliyejua kitu juzi ndiye mkali zaidi kwa asiyekijua leo. Ukitaka kuliona hili vizuri, angalia magrupu kama hayo yanavyomtendea mtu aliyevaa koti juu ya kanzu. Kwingine nimewasikia wakiliita kosa. Koti juu ya kanzu, na kofia ya vito, lilikuwa vazi la heshima la babu zetu pwani hii, na hata urefu wa koti lake tunaukata tofauti ili pindo lisipigane na mwanguko wa kanzu. Hakuna kitabu cha Kiingereza kinachoweza kulihukumu. Bega lililozidi ni kosa Tanga na ni kosa London, kwa kuwa mfupa ni mfupa. Lakini rangi ya kiatu, kanzu na koti, tai au bila tai, hayo ni mila na mapenzi, na mwenye adabu huyasema kama mila na mapenzi.

Swali lako la kwanza, basi. Moyo wako si mwepesi. Ulipeleka swali ukarudishiwa jina. Kuna kitu kimoja tu nitakachokuomba ubadilishe siku nyingine, na hicho hakihalalishi waliyokutendea: picha uliiweka bila maneno. Picha isiyo na swali kila mtu huijibu swali lake mwenyewe. Andika: “Hii ni ya harusi tarehe fulani, nitasimama kama mpambe, kurudisha siwezi, kipi kinaweza kurekebishwa?” Simu ashike mtu mwingine, asimame hatua tatu au nne mbali, kimo cha kifua, mikono yako umeiachia chini. Picha yako ya kwanza ilipigwa kwa karibu na kutoka chini, na kamera ikiwa karibu hukuza kilicho mbele yake. Hata bega lililokaa sawa lingeonekana limetanuka.

Kuhusu kujitoa, nakupa ninavyoona mimi, uamuzi ni wako. Kujitoa leo kuna faida moja kubwa, utapumua. Hasara yake ni kwamba yale ya viatu na mashati uliyoyapata humo ni elimu ya kweli, na aliyekushauri kuhusu mikono yumo humo pia. Kubaki kimya ndiko ninakokuhofia zaidi. Nimewaona vijana waliochekwa, wakanyamaza, wakangoja, na siku alipoingia mgeni mwenye kosa wao ndio waliokuwa wa kwanza. Jina hupita kwa mwingine, na aliyelibeba hufurahi limemtoka. Sitaki iwe wewe.

Ningekuwa mimi ningemwandikia kwanza yule wa mikono, pembeni, si kwenye grupu. Mshukuru kwa jina lake, mwambie koti linakwenda kwa fundi. Mtu wa namna hiyo mara nyingi amechoka kumezwa na vicheko, na ukishakuwa na mmoja huko si peke yako tena. Kisha mwandikie admini, naye pembeni, bila hasira na bila kuomba msamaha: “Kaka, nilileta suti yangu nipate ushauri. Naomba stika yenye sura yangu ifutwe na jina la Mzee wa Lebo lisitumike tena. Na naomba tuwe na utaratibu kwamba anayetaja kosa la mtu ataje na mahali pake.” Mpe wiki mbili. Akifanya, baki, na mtu mwingine akileta picha uwe wa kwanza kumwandikia neno lenye sindano. Akikucheka na yeye, toka bila kuaga. Kuna mafundi, kuna maduka, kuna marafiki wawili watatu wanaopenda nguo. Hao wakikutana kahawani Jumamosi ni shule tosha.

Stika nimeitenga kwa sababu nayo ni jambo jingine kabisa. Maneno juu ya koti yanaisha, sura yako ikitembea kutoka simu hadi simu haiishi kirahisi. Hifadhi picha za skrini zenye tarehe na majina. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inamkataza mtu kutuma mawasiliano kwa nia ya kumsumbua au kumtesa mwenzake kihisia, na adhabu yake haipungui faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Ni sheria nzito, na sikushauri uifikie kwa haraka kwa watu mtakaokutana nao harusini. Anza na admini, kisha mzee mnayeheshimiana naye nyote. Lakini ikianza kusambazwa kazini kwako, au wakikutishia, nenda polisi na ushahidi wako, usione haya.

Umeandika neno moja kwa kupita tu, kwamba hata kazini unachagua nguo kwa woga. Hilo lisipite. Kama baada ya wiki mbili tatu usingizi haujarudi, chakula hakishuki, unatafuta visingizio vya kutotoka nyumbani, au ikakujia fikra ya kujidhuru hata mara moja, usingoje wiki nyingine. Nenda hospitali, Bombo ni karibu nawe, uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani. Hiyo si kazi ya fundi cherehani, na mimi sitajifanya naiweza.

Koti ndilo kazi yangu. Kwa picha hakuna fundi anayeweza kukata, kwa hiyo lilete kwangu au kwa fundi mwingine unayemwamini, wiki mbili kabla ya harusi, si siku mbili. Njoo na shati utakalovaa siku ile, na viatu vyenyewe, maana urefu wa suruali unategemea kisigino. Usilipige pasi kabla ya kuja. Makunyanzi yake yananionyesha linapokuvuta. Na tutachomoa uzi mmoja wa ndani ya pindo tuuchome. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni, ni sufi, na joto la Tanga utalimudu nayo kama kitambaa ni chepesi. Ukiyeyuka ukawa shanga ngumu ni poliesta, nitakushauri uvae fulana ya pamba ndani na ulivue koti wakati wa kula. Lebo usiiguse. Iache palepale, na ule uzi wa nyuma pia, nikuonyeshe kwa wembe unavyokatwa bila kukigusa kitambaa.